Sita Nukta Mbili Tatu

"Kaa basi, afande. Unanitia kizunguzungu."

Sajenti Paskazia Lubinza hakukaa. Tangu asubuhi alikuwa akikizunguka chumba cha mashine kama kuku anayetafuta pa kutagia, na Bwana Stanslaus, meneja wa mgodi wa Nyakabengo, alikuwa amechoka kumfuata kwa macho.

"Haraka haraka haina baraka," meneja akaongeza.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Saa ngapi sasa?"

"Saa tano na robo."

Basi zilibaki saa nne kasorobo. Saa tisa kamili Landrova ya polisi ingeondoka hapa mgodini na mchimbaji Cornel Budeba kwenda rumande ya Shinyanga kwa kosa la mauaji, na mauaji hayana dhamana. Watu hukaa humo miaka mitatu, minne, wakisubiri kesi itajwe, na mwisho wa kesi yenyewe ni kitanzi. Mkuu wa kazi wa Paskazia alimwambia waziwazi: kama una shaka, ilete kabla ya saa tisa; baada ya hapo shaka yako kaile na ugali nyumbani.

Tatizo ni kwamba shaka yenyewe haikuwa na mahali pa kuishikia. Kisa kilikuwa chepesi, tena chepesi mno. Jumatatu mchana Cornel na Jilala Makoye walikuwa wawili tu chini ya shimo namba tatu, mita arobaini kwenda chini. Cornel alipanda ngazi, akaanguka mdomoni mwa shimo akihema kama mbwa. Jilala alitolewa kwa kamba, maiti. Daktari wa Kahama hakuona jeraha wala sumu. Marehemu, aliandika, alikosa hewa. Cornel aliapa kwamba hewa ilikatika. Lakini hewa ya shimo namba tatu husukumwa na feni kubwa kupitia bomba la bati, kwenye bomba kuna kipimo, kipimo kimeungwa kwa waya mpaka kwenye kompyuta ya chumba hiki, na kompyuta iliandika siku nzima kwamba hewa haikukatika hata sekunde. Juu ya hayo, Jumapili yake, mbele ya watu kumi, Cornel na Jilala walitukanana na kushikana mashati kwa sababu ya mwamba wenye dhahabu. Sasa kama hewa ilikuwepo, nani alimziba Jilala pumzi? Wawili ukitoa mmoja anabaki mmoja. Hata mtoto wa chekechea angejibu.

"Kompyuta haina shemeji wala mjomba," alisema Stanslaus. "Haina chuki na Cornel. Imesema ilichokiona."

"Kompyuta haina macho, bwana. Edson, naomba tena ile karatasi."

Edson Makoye akainuka kwenye kigoda chake. Huyu ndiye alikuwa mwangalizi wa mashine: kazi yake kukaa chumbani humu kutwa, kuwasha feni asubuhi, kuizima jioni, kusikiliza jenereta kama linakohoa. Ndiye pia aliyekuwa kaka wa marehemu, na ndiye aliyemtafutia Jilala kibarua hapa miezi saba iliyopita. Tangu Jumatatu hakulala wala hakunyoa ndevu, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo kombo. Siku ya kwanza kabisa Paskazia alilikata jina lake kwenye orodha ya watu wa kuhojiwa, akaandika pembeni: mfiwa. Alimwonea huruma, na hilo si kosa la jinai, ingawa kwa askari wakati mwingine linakaribia.

Ilikuwa karatasi moja ndefu ya printa, yenye matundu ubavuni, imekunjwa mara arobaini. Kushoto saa, kulia namba. Namba ni mwendo wa hewa ndani ya bomba, kila sekunde kumi mstari mmoja. Paskazia aliitandika sakafuni kutoka mlangoni hadi dirishani, akavua viatu, akaanza kutembea juu yake. Stanslaus aliguna. Edson alitazama pembeni.

Ukutani, juu ya ndoo ya maji, kulikuwa na kioo kidogo cha kunyolea kilichogeuzwa, mgongo mbele. Paskazia alipita mbele yake mara ishirini. Akadhani mfiwa hataki kujiona uso, akakiacha.

Alipiga magoti, akaweka ukucha juu ya safu ya namba na kuuburuta polepole. Sita nukta mbili moja. Sita nukta mbili nne. Sita nukta moja tisa. Sita nukta mbili mbili. Namba ya mwisho ilikuwa ikicheza, haitulii, leo juu kesho chini, na ndivyo ilivyopaswa kuwa, maana jenereta lile lilikuwa likiyumba hata kwa sikio. Ukucha ukashuka. Saa nne, saa tano, saa sita. Saa saba na dakika nne ukucha ukasimama wenyewe.

Sita nukta mbili tatu. Sita nukta mbili tatu. Sita nukta mbili tatu.

Akaendelea kushuka. Sita nukta mbili tatu. Akakunjua mkunjo mwingine. Sita nukta mbili tatu. Akaanza kuhesabu mistari kwa sauti, na Stanslaus alipotaka kusema neno alimnyamazisha kwa kiganja. Alifika mistari mia mbili ishirini na minane. Dakika thelathini na nane. Halafu namba zikaanza kucheza tena.

"Makubwa haya," alisema Paskazia. "Jenereta lako, bwana meneja, linatetemeka mpaka vikombe vinatembea mezani. Lilipataje kutulia dakika thelathini na nane?"

"Labda siku hiyo lilikuwa na afya."

"Nani alitengeneza hii programu?"

"Nadeem. Kijana wa pale Nyahanga, Kahama mjini, duka la redio na betri la akina Hozefa. Lakini afande, huyo ni mtu wa mjini, ana shughuli zake..."

"Mtumie pikipiki. Sasa hivi. Mwambie asipokuja kwa pikipiki yako atakuja kwa gari yangu."

Kusubiri ni adhabu ambayo Paskazia hakuwahi kuizoea. Alitoka, akaenda mpaka shimo namba tatu, akarudi, akaenda tena. Aliufuata waya wa kipimo hatua kwa hatua: unatoka kwenye bomba, unapita juu ya miti miwili, unaingia chumba cha mashine kupitia tundu la ukutani. Hapakuwa na mahali ulipokatwa wala kuungwa.

Kivulini mwa ghala aliketi Mama Edson, mama wa Edson na marehemu Jilala, juu ya mkeka. Alikuwa amefika juzi kutoka Songwa kuchukua nguo za mwanawe, na nguo zilikuwa tayari zimefungwa kwenye kitenge, lakini haondoki.

"Shikamoo, mayu," Paskazia alimwamkia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Yule aliyemuua mwanangu anaondoka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Nitakaa. Nataka nimwone anavyopandishwa gari."

Paskazia aliondoka haraka.

Nadeem alifika saa saba kasoro dakika kumi, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini na mitano, mfuko wa shati umejaa kalamu na bisibisi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nani alikulipa uchezee hii karatasi?"

"Nani? Mimi? Wallahi sijaigusa!" Uso wake ulipauka chini ya vumbi. "Afande, mimi tangu mwezi wa nane sijatia mguu hapa. Muulize meneja."

"Meneja namuuliza kwa zamu yake. Hizi hapa namba mia mbili ishirini na nane, zote mapacha. Hewa gani inatembea hivyo?"

Nadeem aliinama. Aliitazama karatasi kwa muda, midomo ikichezacheza. Kisha akakaa chini pale pale sakafuni.

"Hii siyo hewa," alisema.

"Ni nini?"

"Ngoja nikueleze. Programu yangu ina vitu viwili vya maana. Kimoja ni poti ya siriali, hili tundu la nyuma ya kompyuta ambamo waya wa kipimo unaingia. Kingine ni taima. Taima ni kama mnyapara, kila sekunde kumi anagonga. Akigonga, poti inatuma swali kwenye waya: hewa ngapi? Kipimo kinajibu. Poti inaleta jibu, programu inaandika saa na namba. Sekunde kumi nyingine, tena. Basi, hana kazi nyingine."

"Na kipimo kisipojibu?"

Nadeem alimtazama Stanslaus. Paskazia aliliona jicho lile likienda na kurudi, na moyo wake ukaruka kwa furaha ya kazi.

"Usimtazame yeye, nitazame mimi. Kisipojibu?"

"Mwanzo ilikuwa inaandika HAKUNA JIBU. Kwa herufi kubwa."

"Na baadaye?"

"Mbuzi wa jirani walikuwa wanakanyaga waya, unalegea. Wakaja wakaguzi wa migodi, wakakuta ukurasa mmoja una HAKUNA JIBU mara kumi na mbili. Meneja akaniita. Akasema ripoti ina matundu, inamwaibisha, niyazibe. Nikaongeza mstari mmoja. Jibu lisipokuja, andika lile la mwisho."

"Mstari mmoja," Paskazia alirudia.

"Mmoja tu, afande. Taima yeye hajui kama mwenzake amenyamaza. Anagonga tu."

"Nionyeshe."

Edson aliwasha feni. Bomba likaguruma, na kwenye skrini namba zikaanza kushuka: sita nukta mbili sifuri, sita nukta mbili tano, sita nukta moja nane. Nadeem akapitisha mkono nyuma ya kompyuta, akachomoa waya. Wote wanne walisimama wakitazama skrini. Sekunde kumi zikapita. Sita nukta moja nane. Kumi nyingine. Sita nukta moja nane. Paskazia aliagiza feni izimwe. Mngurumo ukafa, bomba likatulia, hewa ikasimama kabisa, na kompyuta ikaandika kwa utulivu wa mtu mwongo: sita nukta moja nane.

"Mungu wangu," alisema Stanslaus.

"Sasa ndiyo unamwita?" Hasira zilimpanda Paskazia mpaka masikioni. "Siku nne unaniambia kompyuta imesema. Umemfunga mtu mdomo kwa hii takataka!"

Akamgeukia Nadeem. "Waya unaweza kulegea wenyewe?"

"Wa nje, unaweza. Huku nyuma, hapana. Kuna skrubu mbili, nilizikaza kwa mkono wangu." Akakigeuza kichwa cha waya, akakichunguza. "Moja haipo. Hii nyingine nyuzi zake zimelika. Afande, huu waya ulishang'olewa kwa nguvu kabla ya leo."

Paskazia alirudi kwenye karatasi, tumbo chini, miguu nje ya mlango. Kule ambako namba zilianza kucheza tena hakuwa amekutazama vizuri. Furaha ya mapacha ilimpofusha. Sasa alisoma mstari kwa mstari. Sita nukta mbili tatu ya mwisho. Chini yake: nne nukta nane saba. Tano nukta sita sita. Sita nukta sifuri tisa. Sita nukta mbili sifuri.

"Nadeem. Feni ikiwa ndiyo kwanza inawashwa, namba zinakuwaje?"

"Zinapanda. Feni kubwa ile inachukua nusu dakika kushika kasi."

"Kama hizi?"

Alitazama. "Kama hizo kabisa."

Paskazia aliinuka, akajikung'uta vumbi magotini. Hapakuwa na haja ya kuinua sauti tena. Feni ambayo imezunguka mchana kutwa haianzi upya saa saba na dakika arobaini na mbili. Mtu alichomoa waya kwanza, ndipo akazima feni. Angeanza na feni, namba zingeshuka kabla ya kuganda. Aliporudi alifanya kinyume, akawasha feni kisha akachomeka waya, na kwa ile nusu dakika aliyowahi kuuchomeka kabla feni haijashika kasi, kipimo kikamsema. Cornel hakudanganya. Hewa ilikatika dakika thelathini na nane.

"Bwana Stanslaus, dizeli inakuuma sana, sivyo? Nimesikia watu wakisema unazima jenereta wakati wa chakula."

"Jenereta la kambi, siyo feni! Mimi siwezi kuzima feni watu wakiwa chini, nina watoto!"

"Jumatatu saa saba ulikuwa wapi?"

"Kahama. Nilikuwa Kahama!"

"Nani alikuona?"

"Mimi," alisema Nadeem kwa unyonge. "Alikuja dukani kutafuta betri ya gari. Mvua ikamkuta kwetu, akakaa mpaka ilipokatika. Saa nane hivi. Mama Gulnaz, shangazi yangu, alimpa chai."

Paskazia alimtazama meneja, meneja akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu. Paskazia alitamani sana awe yeye. Kwa siku nne alikuwa akimchukia polepole, na sasa chai ya Mama Gulnaz ilimharibia.

"Mvua gani iliyomweka mtu dukani saa nzima?" aliuliza, kwa kukosa la kuuliza.

"Ah, afande, ile ya Jumatatu! Siyo mvua, radi! Ilipiga nguzo ya umeme mbele ya duka, shangazi akang'oa kila kitu ukutani, redio, pasi, friji, mpaka simu. Akafunika na kabati la vioo kwa shuka..."

Nadeem aliendelea kusema, lakini Paskazia hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ametazama juu ya ndoo ya maji.

Mama yake mwenyewe, kule Mwakitolyo, mawingu yakianza kunguruma alikuwa na desturi yake. Nguo nyekundu zivuliwe. Sufuria ziingizwe ndani. Kioo kigeuzwe ukutani, maana radi ikijiona huingia. Paskazia alikua akiamini hivyo, na mpaka leo, sajenti mzima wa upelelezi, radi ikipiga alichomoa redio yake kabla hajajua mkono umefanya nini. Nani katika nchi hii ya Usukuma hafanyi hivyo? Waya unaotoka nje ni wa kwanza kung'olewa.

"Bwana meneja, Nadeem, nisubirini nje."

"Afande..."

"Nje!"

Walipotoka, Edson alibaki kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. Ilikuwa saa nane na dakika tano. Na kwa mara ya kwanza siku hiyo, Paskazia alivuta kigoda cha pili akakaa, magoti yakikaribia kugusana na ya yule mwanamume.

"Edson, kioo kile kiligeuzwa lini?"

Edson aliinua macho, akakitazama.

"Nakuuliza, ndugu yangu."

"Jumatatu."

"Radi ilianza upande gani?"

"Upande wa ziwani. Ikaja haraka." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ya kwanza mbali. Ya pili ikapiga mti wa pale getini, ukapasuka mimi nautazama."

"Ukafanya nini?"

"Nikageuza kioo. Nikang'oa ule waya."

"Na feni?"

Edson alifunga macho. "Bomba ni la bati, afande. Linaanzia huku juu kwenye feni, linashuka moja kwa moja mpaka alipo Jilala. Wewe unaijua radi ya kwetu. Mwaka juzi Songwa ilishika seng'enge ya uzio, ikaua ng'ombe saba wa baba, mmoja baada ya mwingine, kama inawahesabu. Nikasema ikishika feni itateremka na bati mpaka kwa mdogo wangu. Nikazima. Nilizima kwa ajili yake."

"Kompyuta ukaiacha."

"Nadeem alinikanya. Nisiizime hata nyumba ikiungua."

"Kwa nini hukuwasha mapema?"

"Nilisema dakika tano. Halafu ikaja mvua ya mawe, bati lote linapiga kelele, siisikii hata sauti yangu. Kila nikinyanyua mkono kushika swichi, inapiga tena. Niliogopa. Nilikuwa chini ya meza, afande, mtu mzima na ndevu zangu. Nilipomwona Cornel anatambaa kwenye matope ndipo nilipoikimbilia."

Paskazia alikuwa na swali moja tu lililobaki.

"Ukamwacha Cornel apelekwe kunyongwa?"

"Hapana!" Edson alishtuka kama aliyepigwa. "Hapana, afande, sikiliza. Nilijua ni mimi. Usiku ule nilijua. Asubuhi nikasema nikamwambie meneja. Nikamkuta na hiyo karatasi, ananionyesha, ananipa pole, anasema tazama, hewa haikukatika hata kidogo. Nikaisoma. Saa saba, hewa ipo. Saa saba na nusu, hewa ipo. Nikasema, basi labda swichi haikushuka. Labda woga umenifanya nione mambo. Mashine ya kisomi kama ile idanganye, nami niseme kweli? Nimeisoma kila siku. Nikiamka naisoma. Kila siku inaniambia siyo mimi."

Machozi yalikuwa yakimshuka, hayafuti. Paskazia alitaka kumkasirikia, akashindwa, akakasirikia ule mstari mmoja wa programu. Akatoa kitabu chake cha maelezo na kuandika kila neno. Edson alipoweka sahihi, herufi zilitoka zimepinda lakini zinasomeka.

"Utashtakiwa kwa kuua bila kukusudia," alimwambia. "Hiyo ina dhamana, na nitasema mbele ya hakimu ulivyosema. Stanslaus naye anakuja nasi. Atamweleza hakimu kwa nini aliziba matundu."

"Mama yuko nje?"

"Yuko nje."

"Niache nimwambie mimi."

Saa tisa kasorobo Landrova ilisimama mbele ya ghala, injini ikiunguruma. Cornel aliletwa ili avuliwe pingu, na askari waliokuwa wamemlinda siku nne walishindwa kumtazama usoni. Wachimbaji walikuwa wametoka mashimoni, wamesimama mbalimbali. Mama Edson aliona pingu zikifunguliwa, akainuka kwenye mkeka.

"Mnamwachia? Mnamwachia muuaji?"

Edson alimfuata, akapiga magoti mbele yake kwenye vumbi. Alisema kwa Kisukuma, polepole, na Paskazia, aliyesimama hatua tatu nyuma yake, alisikia yote: radi, bati, swichi, meza. Hakuficha kitu wala hakujitetea. Alipomaliza, mkono mmoja wa mama yake ulikuwa umeshika fundo la kitenge lenye nguo za Jilala. Hakulia. Alimgeukia Cornel.

"Wewe ulikuwa naye," alimwambia kwa Kiswahili. "Alipoona hewa imekwisha, mbona hakupanda?"

Cornel alijisugua vifundo vya mikono. Katika siku nne alikuwa ameulizwa habari za ugomvi mara mia, na habari za mwamba, na nani alianza kutukana. Hili hakuna aliyemuuliza, hata Paskazia.

"Nilimvuta, mayu," alisema. "Nilimshika mkono nikamwambia twende, tutakufa. Akakataa. Akasema tusubiri kidogo tu." Akasita. Alimtazama Edson pale chini, na ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba alitaka kuishia hapo.

"Sema," alisema Mama Edson.

"Akasema, kaka yuko juu. Atawasha."

Edson aliinama mpaka paji la uso likagusa ardhi. Sauti iliyomtoka, Paskazia hakuwahi kuisikia kwa mtuhumiwa yeyote, na alikuwa amesikia nyingi. Askari wawili walimnyanyua kwa mabega, bila nguvu, wakampandisha nyuma ya gari, na Stanslaus akakalishwa mbele pamoja na ile karatasi mapajani.

Mama Edson aliweka lile fundo la nguo ndani ya gari. Kisha akashika ubao wa nyuma, akapanda, akaketi karibu na mwanawe aliyebaki. Dereva alimtazama Paskazia. Gari la mahabusu halibebi raia, hiyo ni amri, tena imebandikwa mlangoni.

"Ondoa gari," alisema Paskazia.